Nilivyowafungulia Mlango Mawakili Wenye Masharti

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Juni. Asubuhi ilinyesha mvua nyembamba, ile ambayo huioni mpaka umeshalowa. Mchana jua lilichungulia juu ya mapaa ya mtaa wetu wa Lidcombe, hapa Australia, likaona baridi, likarudi ndani.

Hii ni Jumatatu yangu ya kwanza bila kwenda kazini. Niliamka saa zilezile, nikavaa soksi nyeusi za kazi, halafu nikakaa kitandani nikicheka peke yangu. Baba Kezia, mume wangu, akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia miguu yangu haijapata habari kwamba nimestaafu.

Neema na Olivier, ninyi mliobaki mlangoni pale kazini ndio mlioniomba niandike. Mlisema niandike kwa Kiswahili ili mkisoma msikie sauti yangu. Nawashukuru, ila nadhani mlinihurumia tu, maana Kiingereza changu cha kuandika mnakijua. Nilisoma mpaka darasa la saba kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, na mwalimu wetu alikuwa anakuja siku ambazo ameweza. Mkikuta sentensi imekaa vibaya, isogezeni kama kiti, mwendelee. Majina ya wahusika nimeyabadilisha, ingawa vikao vyenyewe vilikuwa vya wazi na yeyote angeweza kuingia kukaa. Hata hivyo naogopa kidogo. Mtu anaweza kumdhulumu mwenzake kwa kumkumbuka vibaya. Pale nisipokuwa na hakika, nitasema.

Nilianza pale jengoni kwa kusafisha sakafu. Jinsi nilivyotoka kwenye sakafu nikafika mlangoni si habari ya kuwafaa. Siku ya kwanza mlangoni ndiyo yenye faida. Nilipokelewa na Bronwyn, mama wa Kiaustralia mwenye nywele fupi nyeupe na kikohozi cha sigara alizoziacha zamani. Alinipa ufunguo wa chumba cha kusikilizia kesi akaniambia: "Hapa wanaletwa mawakili walioshitakiwa kwa nidhamu. Watu watatu wa Baraza wanakaa meza ile ndefu. Wao wanaamua. Wewe unafungua, unaweka maji, unaita majina, unaapisha mashahidi, unafunga. Ukijikuta umeamua jambo, ujue umepotea chumba."

Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu, na vingi havijaandikwa popote. Boksi la karatasi laini za kufutia machozi halikai mbele ya mshitakiwa. Likikaa mbele yake anadhani ameshashindwa. Liwekwe pembeni, mahali mkono unafika bila kutafuta. Shahidi anaulizwa huko nje kwenye korido ataapa kwa kitabu gani, au kama haapi kwa kitabu chochote, asije akaulizwa mbele ya watu kama anayekaguliwa imani. Msahafu unafungwa kwenye kitambaa safi. Biblia nayo isiwekwe chini ya jagi la maji, hata siku meza ikiwa imejaa. Kiti kinacholia hakipewi mtu anayeulizwa maswali magumu. Kipelekwe nyuma kwa waandishi wa habari, wao wamezoea kelele.

Jambo lililonishangaza zaidi siku ile ya kwanza lilikuwa hili. Wakili aliyeshitakiwa aliingia, akatembea moja kwa moja mpaka meza ya mawakili, akafungua mkoba, akatoa kalamu. Bronwyn akamsogelea, akamwambia taratibu, "Leo unakaa pale." Yule bwana akatazama kiti alichoonyeshwa kama vile hajawahi kukiona, na chumba kile alikijua kuliko mimi. Karibu wote wanafanya hivyo. Miguu inakwenda ilikozoea. Mkiona hivyo msicheke, na msimwite kwa sauti. Msogeleeni tu.

Nyumbani Baba Kezia, ambaye ni Mkongomani wa Uvira na hana kazi ya kuogopa mawakili, alinitania: "Kwa hiyo mke wangu anawafungulia mlango wakiingia, halafu anawaonyesha mlango wakitoka."

Kesi za kuiba fedha za wateja sizielezi. Zinafanana, na watu wanazipenda kupita kiasi. Zilizonivutia mimi ni za masharti. Wakili wa hapa anaweza kupewa leseni yenye sharti ndani yake. Mmoja alikuwa ameugua kwa pombe. Akaruhusiwa kurudi kazini mradi amwone daktari wake kila wakati uliopangwa na apulize kwenye kile kifaa cha kupima. Alishika sharti lile kwa uaminifu mkubwa mpaka akasahau kwamba ni sharti, akaacha kwenda kwa daktari kwa sababu alijisikia mzima. Akaitwa. Mwingine aliamriwa kuhudhuria masomo ya maadili ya kazi. Akamtuma binamu yake, wanaofanana pua. Binamu alipasi vizuri. Aliulizwa na Baraza kwa nini alifanya hivyo, akajibu kwamba alikuwa na shughuli nyingi na binamu hakuwa na kitu cha kufanya. Nadhani ni jibu la ukweli kuliko mengi niliyoyasikia mle ndani, lakini halikumsaidia.

Halafu kuna sharti la wote. Hapa mtu akimaliza chuo cha sheria na kuapishwa, haachiwi peke yake. Leseni yake ya kwanza inamtaka afanye kazi chini ya wakili mzoefu, anayetazama barua zake na ushauri wake, mpaka aive. Mwanzoni niliona ni kama kumfunga mtu mzima kamba. Nilibadilika siku ilipokuja kesi ya kijana mmoja aliyefungua ofisi peke yake nyuma ya duka la simu Cabramatta, leseni yake ikiwa bado na sharti. Mteja wake alikuwa amezuiliwa Villawood, kwenye kituo cha wahamiaji. Kijana alikosea kuhesabu muda wa rufaa. Hakuwa mwizi, hakuwa mvivu. Alikuwa peke yake tu, hana wa kumwambia "hebu hesabu tena". Mke wa yule mteja alikuja kusikiliza, akakaa kiti cha nyuma na mkoba mapajani mpaka mwisho. Nilimpelekea maji hakuyanywa. Tangu siku ile, mtu akiniambia sharti lile ni usumbufu, namkumbuka mama yule.

Nayasema haya kwanza ili mkifika kwa Nadine msidhani namtetea kwa kuwa ni wetu.

Nadine alikuja hapa mtoto mdogo, wazazi wake wakitoka Fizi, Kongo. Alikuwa mmoja wa wale watoto unaowasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, lakini wanafanya ulichosema. Alisoma sheria, akaapishwa, na jamii yetu nzima ikavaa vitenge kwenda kumshangilia. Akapata kazi kwa Bwana Theo, wakili mzee mwenye asili ya Kigiriki, ofisi yake iko Fairfield. Theo ndiye alikuwa msimamizi wake.

Siku za kazi alisimamiwa sawasawa. Tatizo lilikuwa Jumapili. Ibada ikiisha pale ukumbi wa kanisa, watu wanakunywa chai, na chai ikifika kikombe cha pili zinaanza kutoka barua mifukoni: barua ya mwenye nyumba, barua ya shule, barua ya ofisi ya misaada. Mzee wa miaka ya baba yako amekaa mbele yako, amekusalimia, ameulizia wazazi, ameulizia masomo ya mdogo wako, ndipo anaifungua ile barua. Utamwambiaje apige simu Jumatatu? Kwetu huo ni kama utovu wa adabu kabisa. Nadine hakuwahi kumwambia mtu hivyo. Alisoma zote, akajibu zote, peke yake.

Na wengi aliwasaidia kweli. Lakini Gaspard hakumsaidia.

Gaspard ni Mrundi kama mimi, alikuwa dereva wa gari la kusambaza mizigo ya ghala. Alipata barua ya wakubwa wa barabara kuhusu leseni yake ya udereva: aeleze siku moja aliyoendesha wakati hakuruhusiwa. Nadine akamsaidia kujibu, na wakaandika vile watoto wetu wanavyofundishwa kumwandikia mkubwa unapokuwa na kosa. Waliomba radhi. Waliomba radhi kwa siku ile, wakaomba na kwa siku nyingine ambazo hazikuulizwa, ili moyo uwe safi. Wakubwa wa barabara waliisoma ile barua safi wakamnyang'anya leseni. Gaspard akakosa kazi majira yote ya baridi, na ana watoto. Wakili mzoefu angemwambia, jibu ulichoulizwa, ishia hapo. Gaspard akaenda kulalamika kwenye ofisi inayosimamia mawakili.

Kanisani watu walimkasirikia Gaspard. Wakaacha kumpisha kwenye benchi. Mimi nilimsalimia kama kawaida, si kwa ushujaa, ila nilijiuliza: mwanamume amepoteza kazi kwa ushauri wa mtu asiyeruhusiwa kushauri peke yake, kosa lake ni lipi?

Jina la Nadine lilipobandikwa mlangoni kwangu, nilikwenda kwa Bronwyn. Nikamwambia, "Huyu binti namfahamu. Nimekula harusi ya dada yake. Na mlalamikaji namfahamu pia."

Bronwyn akaniuliza, "Unampenda nani zaidi?"

"Sijui."

"Basi unafaa," akasema. Lakini aliandikia pande zote mbili kuwajulisha, hakuna aliyepinga. Siku yenyewe akashuka yeye mwenyewe kuhudumia meza ya Baraza, mimi akaniacha mlangoni na kwa mashahidi. Fanyeni hivyo nanyi. Semeni mapema, kisha mfanye kazi yenu.

Sasa, wakili mama aliyemtetea Nadine alikuwa ameomba mtu mmoja, mzee wa kanisa, aje aseme kuhusu tabia yake. Mmoja. Lakini ninyi mnajua sisi. Mtu akiwa na shida hasindikizwi na mtu mmoja. Saa ya kufungua milango lilisimama nje basi la kanisa, na wakashuka kina mama na vitenge vyao vya sikukuu, wazee na suti, mabibi na fimbo. Mlinzi wa chini alinipigia simu kuuliza kama kuna harusi na kama imepewa kibali.

Nadine aliingia na suti nyeusi. Akaenda moja kwa moja meza ya mawakili. Nikamsogelea. "Mwanangu, leo ni kule."

"Sori, Mama," akasema, akakusanya karatasi zake. Kilichokuwa hatarini kilikuwa leseni. Kuwa wakili ndiyo kazi pekee aliyoitaka tangu utoto, na ofisi inayosimamia mawakili ilikuwa imeomba afutwe.

Gaspard alitoa ushahidi kwanza. Alisema ukweli bila chumvi. Alipoulizwa kama ana hasira na Nadine, alifikiri, akasema, "Nina hasira na baridi. Yeye alitaka kunisaidia."

Akaitwa Mzee Bahati, yule mzee wa kanisa. Ni Mkongomani mrefu, mwenye sauti ya kuhubiri hata anapoomba chumvi, na Kiswahili chake ni cha kwao, chenye Kifaransa ndani. Nilimwapisha, mkalimani akakaa pembeni yake. Mama mtetezi akamuuliza Nadine ni mtu wa namna gani.

"Bon," Mzee Bahati akasema. "Huyu mtoto, sisi njo tulimuombea akiwa anasoma. Alipomaliza hakutukimbia. Kila siku ya Mungu, kisha ibada, anakaa pale nyuma na chai yake, watu wanamuletea mabarua. Hakatalie mtu."

Mama mtetezi akasema ahsante haraka sana, akakaa. Akasimama wakili wa ile ofisi, Bwana Harding, mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Nataka niwe wazi juu yake: katika miaka yangu yote sikumwona akimdhalilisha shahidi. Siku ile pia hakufanya. Hakuhitaji.

"Mzee, ni watu wengi aliowasaidia hapo ukumbini?"

"Wengi sana."

"Na wakili msimamizi wake, alikuwa anakaa wapi?"

Mzee Bahati aliangalia dari kidogo, akitafuta kwa dhati. "Musimamizi? Hapana. Alikuwa yeye peke yake. Na Mungu."

Mkalimani alikohoa kwanza ndipo akatafsiri. Bwana Harding akaandika.

"Watu wengi, unasema. Una hakika?"

Hapo ndipo Mzee Bahati alipodhani anashukiwa kusema uongo. Na kanisani kwetu, mtu akishuku ushuhuda wako, kuna namna ya kuumaliza ubishi. Aligeuka na kiti chake, akawatazama watu wa basi, akanyoosha mkono. "Wote wenye huyu mtoto aliwasaidia, musimame."

Wakasimama.

Viti vyote vya nyuma, isipokuwa kimoja, vikabaki vitupu. Bibi mmoja mwenye fimbo alishindwa kunyanyuka haraka, majirani wakamwinua kwa makwapa ili naye ahesabiwe. Mama mmoja aliyekuwa chooni aliingia wakati huohuo, akaona wenzake wamesimama, akauliza "tunasimamia nini", akajibiwa, akasimama akiwa anatabasamu na mkono juu kabisa. Nyuso zao ziling'aa. Walikuwa wanamwokoa binti yao. Kila mmoja pale alikuwa kosa jipya, limevaa kitenge.

Mama mtetezi aliweka paji la uso kwenye karatasi zake. Bwana Harding aliwatazama wale watu kwa muda, kisha akasema, "Sina swali zaidi," kwa sauti ya mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza.

Ilibidi niwakalishe mimi. "Kaeni, wapendwa. Kaeni." Mzee Bahati akaniinamia akininong'oneza, na mnong'ono wake unasikika mpaka barabarani: "Mama, tumefanya muzuri?"

"Mzee," nikamwambia, "kunywa maji."

Nilimtazama Bronwyn upande wa pili. Alikuwa anapanga kalamu zilizokwisha kupangwa, na mabega yanamcheza.

Mwenyekiti wa Baraza, mama mwenye miwani ya kamba, alimgeukia Nadine. "Umesikia. Unataka kusema lolote kuhusu hao waliosimama?"

Mtetezi wake alimgusa mkono amzuie. Nadine akasimama. Sikumbuki maneno yote, ila haya nina hakika nayo.

"Wote ni kweli. Na kuna wengine leo wako kazini. Sikuwahi kumwambia Theo, kwa sababu nilijua atanikataza, na nilijua nikikatazwa nitalazimika kuwaambia wazee hapana. Sikutaka kuwaambia hapana. Niliona ni heshima. Lakini Gaspard angekuwa na kazi yake leo kama barua ile ingepita kwa Theo. Niliogopa kumkatalia, halafu nikampotezea mkate."

Mkalimani alikuwa anawatafsiria kwa sauti ya chini wale wa nyuma, na niliona ile furaha ikiwatoka usoni, mmoja baada ya mwingine, kadiri walivyoelewa walichosimamia. Yule bibi wa fimbo alijikunja kwenye kiti kama anayetaka kurudisha alivyosimama.

Kwa kawaida uamuzi unachukua wiki nyingi. Lakini Mwenyekiti alisema kwa kuwa watu wametoka mbali, atasema neno fupi baada ya chakula cha mchana, na maandishi yatafuata.

Chakula hakiruhusiwi kwenye korido, kwa hiyo basi zima lilihamia bustani iliyo ng'ambo ya barabara, na masufuria yao. Bronwyn aliniambia nikale, lakini nikae mbali na ile kesi. Nikakaa benchi la mbali na mkate wangu. Harufu ya pilau haijui mambo ya kujitenga, ilinifuata mpaka pale.

Gaspard alisimama peke yake karibu na chemchemi, anajifanya anasoma simu. Mzee Bahati akamwona. "Gaspard. Njo ukule. Kesi tumeiacha kule juu."

"Mzee, mimi ndiye niliyemshitaki."

"Najua. Kwani mwenye kushitaki hana tumbo? Ulimushitaki na mukono gani? Ukule na ule mwingine."

Watu wakacheka, kwanza kwa woga, halafu kweli. Nadine mwenyewe akasogea kwenye kanga waliyokuwa wameitandika, akaacha nafasi. Waliongea nini sijui, nilikuwa mbali na sikupaswa kusikia. Nilichoona ni Gaspard anacheka huku anajipepea mdomo kwa pilipili, na mama mmoja anamwongezea mchuzi, yuleyule aliyekuwa hampishi kwenye benchi.

Tuliporudi, aliomba kusema Bwana Theo. Hakuwa ameitwa na mtu. Alikuwa amekaa nyuma asubuhi yote, kofia mapajani, peke yake aliyebaki ameketi wakati wengine wamesimama. Alisema, "Hakuna aliyeniambia kuhusu hiyo chai. Ningeambiwa ningekuja. Jumapili nina kanisa langu, lakini Jumamosi sina kitu isipokuwa mke wangu kunituma dukani."

Mwenyekiti akatoa neno lake. Nadine amevunja sharti la leseni yake, tena mara nyingi, na mashahidi wake wamelithibitisha kosa vizuri kuliko waliomshitaki. Hapo nadhani alitabasamu, lakini miwani ilikuwa inang'aa, siwezi kuapa. Atapewa karipio litakaloandikwa na kusomwa na yeyote. Muda wake wa kusimamiwa unaanza upya tangu mwanzo. Hatamshauri mtu yeyote, popote, iwe kanisani au kwenye foleni ya mkate, bila msimamizi wake kuwa chumbani. Lakini leseni haifutwi. Mtu aliyesimama mbele ya Baraza akasema ukweli wote bila kuvutwa, alisema, anaweza kufundishika. Na Theo atamsaidia Gaspard kuomba leseni yake upya.

Korido ilijaa watu wasiojua washangilie au walie. Mzee Bahati akanishika mkono. "Mama, nielezee. Ameshinda ao ameshindwa?"

"Vyote viwili, Mzee."

Alilifikiria. "Bon. Basi tuimbe polepole." Wakaimba polepole mpaka kwenye lifti. Mlinzi wa chini akawafungulia milango yote miwili.

Jumamosi zile zilianza kweli. Theo alikuja ukumbini na mkoba, akakaa karibu na Nadine, tayari kwa kazi. Mzee wa kwanza akamsalimia. Akaulizia usingizi wake, mke wake, magoti yake, watoto wake walioko Melbourne. Theo alitazama saa. Baada ya mwezi mmoja hakutazama tena. Mwishowe ikawa Theo ndiye anayeulizia magoti ya watu, na watu wanamwomba wafike kwenye barua kabla chai haijapoa. Gaspard alipata leseni yake na kazi kwenye ghala jingine. Yeye ndiye anayepanga viti vya Jumamosi, na anavipanga vibaya, nimemwambia.

Mimi niliendelea na mlango wangu. Bronwyn alistaafu kabla yangu, akaniachia kile kitambaa cha Msahafu, amekifua na kukipiga pasi. Kipo droo ya juu, Neema, usikipeleke kwa dobi, kifue kwa mkono.

Nilikuwa nimefika hapa kuandika jioni hii, kengele ikalia. Nadine, na koti limelowa mabegani. Alisimama mlangoni kwangu, na safari hii mimi ndiye niliyefungua nikiwa na soksi tu. Akanionyesha simu yake: leseni mpya, ile sehemu ya masharti imebaki tupu. Muda wake umekwisha, Theo ameandika kwamba ameiva. Tulikumbatiana pale kwenye zulia la miguu mpaka Baba Kezia akauliza ni nani anaingiza baridi.

Aliposikia habari, Baba Kezia alifurahi sana, akampa mkono mara mbili, akamkalisha, akamuulizia wazazi, akamuulizia mdogo wake. Kisha akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya manispaa. Majirani wamelalamika kuhusu jogoo wetu. Akaiweka mezani mbele ya Nadine, akailainisha kwa kiganja.

Nadine aliitazama ile bahasha. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nikaacha kusonga ugali. Leo ndiyo siku yake ya kwanza kabisa ya kuruhusiwa kuisoma peke yake.

"Baba," akasema, na mikono yake ameikalia, "leo nina ruhusa ya kukujibu."

"Basi nijibu, binti yangu."

"Kesho piga simu ofisini. Tutaisoma mimi na Theo pamoja."

Baba Kezia alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Yaani wamekufungua ili ujifunge?"

"Ndiyo, Baba," akasema Nadine. Alikuwa anacheka, na macho yamemlowa. "Na barua hiyo usiijibu mwenyewe. Hasa usiombe radhi."

Baba Kezia alirudisha bahasha mfukoni, akasema watoto wa siku hizi wamekuwa wagumu kama mawe, akamvutia kiti karibu na jiko. Tulikula ugali, sombe, kile kisamvu chetu cha mawese, na ndagala, yaani dagaa, waliokaangwa wakakauka vizuri, na pilipili kidogo kwa ajili ya baridi. Jogoo hatukumgusa. Baba Kezia alisema ni shahidi.